Zilipendwa za gemu: Je, michezo ya kale ya video ilikuwa bora au tunautamani ujana wetu?

MNAMO Novemba 2016, kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuuza kimashine kidogo kilichoundwa kwa sura ya mashine yake ya michezo ya video ya miaka ya themanini. Ndani yake mlikuwa na michezo 30 ya zamani, na bei yake nchini Marekani ilikuwa dola 60 hivi.

Kufikia Aprili 2017, kampuni hiyo iliposema inakoma kukiunda, vimashine milioni 2.3 vilikuwa vimenunuliwa. Wengi waliokitafuta madukani walirejea nyumbani mikono mitupu.

Hakuna aliyedai kwamba hiyo ilikuwa teknolojia mpya. Simu ya mkononi ya kawaida ya mwaka huo iliishinda kwa mbali mashine ya asili kwa nguvu na kasi. Kilichouzwa pale kilikuwa kumbukumbu.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo huwagawanya wapenzi wa michezo hii kote duniani, tukiwemo sisi wa Afrika Mashariki. Je, gemu za zamani zilikuwa bora kweli kuliko za leo, au ni hamu ya ujana wetu inayotupofusha?

NENO LENYE SIRI

Kiswahili kina neno linaloweza kutufaa katika mjadala huu. Nyimbo za kale zinazochezwa redioni tunaziita "zilipendwa".

Hebu msomaji alitazame kwa makini umbo la neno hilo. Halisemi kwamba nyimbo hizo zilikuwa nzuri. Halisemi pia kwamba zingali zinapendwa. Linasema tu kwamba wakati fulani walikuwepo watu waliozipenda. Linatoa habari za wapenzi kabla ya kutoa habari za wimbo.

Hivyo ndivyo ilivyo hamu ya kale inapogusa michezo ya video. Si mwongo, kama wengine wanavyodai. Ni shahidi mkweli, ila mara nyingi huitwa kutoa ushahidi katika kesi isiyo yake. Tunaiuliza habari za gemu, nayo inatujibu kwa habari za maisha yetu.

ILIANZA KAMA UGONJWA

Hamu hii haikuheshimiwa tangu mwanzo. Mnamo 1688, mwanafunzi wa utabibu kwa jina Johannes Hofer aliwasilisha tasnifu katika Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, kuhusu watu waliodhoofika kwa kutamani makwao. Aliunda jina la maradhi hayo kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya kurejea nyumbani na jingine lenye maana ya maumivu.

Baadaye maradhi hayo yalihusishwa sana na askari wa Uswisi waliopigana ughaibuni kwa malipo. Tiba iliyoaminiwa ilikuwa kumrudisha mgonjwa kwao.

Karne zilivyosonga, maana ya neno hilo ilibadilika. Leo halihusu tena mahali bali wakati. Na hapo tiba ya zamani inakwama, kwa kuwa askari angeweza kurejea kijijini kwao, lakini hakuna jahazi wala garimoshi liendalo mwaka 1988.

Wataalamu wa siku hizi hawaioni hamu hii kuwa ugonjwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza, wakiwemo Tim Wildschut na Constantine Sedikides, walichapisha utafiti mnamo 2006 ulioonyesha kwamba kumbukumbu za aina hii kwa kawaida huwa na watu wa karibu ndani yake. Aidha, waligundua kwamba mara nyingi huamshwa na huzuni au upweke.

Yaani hatukumbuki ya kale kwa sababu tu yalikuwa mazuri. Mara nyingine tunayakumbuka kwa sababu ya leo ni magumu.

JINSI AKILI INAVYOTIA RANGI

Zipo sababu nyingine mbili zinazotokana na jinsi kumbukumbu zinavyofanya kazi.

Ya kwanza ni kwamba akili husafisha yaliyopita. Mnamo 1997, mtafiti Terence Mitchell na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu watu waliokuwa mapumzikoni na safarini, wakiwemo wanafunzi waliozuru California kwa baiskeli kwa majuma matatu. Wahusika waliiona safari kuwa nzuri zaidi kabla ya kuondoka na baada ya kurejea kuliko walivyoiona walipokuwa njiani. Adha za njiani zilififia upesi, na sifa zikabaki.

Ya pili ni umri. Wanasaikolojia wamebaini kwamba watu wazima wanapotakiwa kusimulia maisha yao, hukumbuka mambo mengi zaidi ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 kuliko ya vipindi vingine. Ndio umri wa mambo ya mara ya kwanza: rafiki wa kwanza wa dhati, safari ya kwanza bila wazazi, mshahara wa kwanza.

Kwa mamilioni ya watu waliozaliwa baada ya 1970, gemu ya kwanza ilitua katika kipindi hicho hicho. Haishangazi basi kwamba kila kizazi kina "enzi ya dhahabu" yake, na kwamba enzi hiyo huangukia miaka ambayo msemaji alikuwa shuleni.

KIBANDANI NA KWA JIRANI

Humu nchini, wengi hawakuifahamu michezo hii kupitia mashine asilia. Waliijua kupitia mashine za kuiga kutoka Asia, zilizochomekwa kwenye runinga ya familia, pamoja na kaseti zilizotangaza mamia ya michezo huku michezo ile ile ikirudiwa kwa majina tofauti.

Wengine waliijua vibandani mitaani, ambako mashine za PlayStation zilikodishwa kwa sarafu chache kwa kila mechi, na aliyeshindwa akampisha aliyefuata kwenye foleni.

Kisha ikaja simu. Mchezo wa Nyoka, ulioundwa na mhandisi Taneli Armanto, ulitokea katika simu ya Nokia 6110 mnamo 1997. Ulienea zaidi kupitia simu kama Nokia 3310 ya mwaka 2000, ambayo kwa jumla ziliuzwa takriban milioni 126 duniani. Katika nyumba nyingi ilikuwepo simu moja tu, nayo ilikuwa ya baba au ya mjomba. Kuicheza kulihitaji ruhusa, na ruhusa ilikuwa nusu ya utamu.

Mnamo 2017, kampuni ya HMD Global ilizindua upya simu ya 3310 jijini Barcelona, pamoja na Nyoka wake. Hata hivyo, nyoka wa sasa hasubiri ruhusa ya mjomba wala hashindani na chaji inayokwisha. Anashindana na maelfu ya programu nyingine mfukoni.

Mfano mwingine ni GoldenEye 007, mchezo wa mwaka 1997 uliotengenezewa mashine ya Nintendo 64. Watu wanne waliucheza kwa runinga moja, kioo kikiwa kimegawanywa vipande vinne. Uliporejeshwa Januari 2023 kwa mashine za kisasa, wengi wa wachezaji wapya waliona udhibiti wake kuwa mgumu na wa kizamani.

Wote wawili wanasema kweli. Mkongwe anakumbuka vicheko vya watu wanne katika kiti kimoja. Mgeni anaeleza kilicho mkononi mwake.

UGUMU ULIKUWA NA SABABU

Sifa mojawapo inayotajwa sana ni kwamba gemu za kale zilikuwa ngumu, na kwamba ziliwafunza vijana uvumilivu. Dai hili lina ukweli, lakini tusisahau chanzo cha ugumu huo.

Kwanza, nafasi ilikuwa finyu. Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985, ulitoshea katika kilobaiti 40 pekee. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo huwa kubwa kuliko mchezo huo wote. Mchezo mfupi uliweza kurefushwa kwa njia rahisi, nayo ni kumfanya mchezaji afe mara nyingi na kuanza upya.

Pili, ilikuwa biashara. Katika kumbi za Japani na Marekani, mashine zilimezeshwa sarafu kwa kila mchezo. Mashine iliyomruhusu mteja kucheza saa nzima kwa sarafu moja ilimtia mwenyewe hasara. Wanaolalamika, na kwa haki, kwamba gemu za sasa zinawakamua watoto pesa ndani ya mchezo wafahamu kwamba tamaa hiyo haikuzaliwa jana.

Hata waundaji walishindwa na kazi zao wenyewe. Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, aliyefariki mwaka 2020, alipokuwa akitayarisha toleo la nyumbani la mchezo wa Gradius mnamo 1986, aliuona kuwa mgumu mno kwake kuujaribu. Akaingiza mfuatano wa siri wa vitufe uliompa nguvu za ziada. Mfuatano huo ndio ulioingizwa baadaye katika Contra, na kuwapa wachezaji maisha 30 badala ya matatu.

WALIOZIKWA HAWASIMULII

Tunapolinganisha zamani na sasa, aghalabu hatulinganishi vitu vya aina moja. Twachukua michezo kumi bora ya miaka ishirini, kisha twaipambanisha na kila kitu kilichotoka mwaka huu, kibovu na kizuri. Ni sawa na mtu kuamini kwamba waimbaji wote wa zamani walikuwa mafundi, eti kwa kuwa redio haichezi nyimbo zao mbaya.

Ukweli ni kwamba zamani ilikuwa na takataka zake. Mwishoni mwa 1982, kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo uliotokana na filamu ya E.T. Mtunzi wake, Howard Scott Warshaw, alipewa majuma matano hivi kuukamilisha ili uwahi Krismasi. Kaseti nyingi hazikununuliwa. Mwaka uliofuata soko zima la michezo ya video la Marekani liliporomoka, na mnamo Septemba 1983 Atari ilizika shehena za bidhaa zake katika jaa la Alamogordo, jimbo la New Mexico.

Jaa hilo lilifukuliwa Aprili 2014. Zilipatikana kaseti za E.T. na pia za michezo mingine mingi, na moja sasa imo katika hazina ya makumbusho ya Smithsonian.

Kisa hiki kina funzo la pili. Kumbukumbu ya pamoja haizalishi mashujaa tu, huzalisha pia wahalifu. E.T. huitwa mchezo mbaya kuliko yote, na bila shaka wapo wanaorudia hukumu hiyo bila kuwahi kuugusa. Mtunzi huyo huyo ndiye aliyeunda Yars' Revenge, mojawapo ya michezo ya Atari iliyosifiwa sana. Hilo halisimuliwi mara nyingi.

PALE KUMBUKUMBU ISIPOKOSEA

Hata hivyo, haitakuwa haki kusema kwamba wakongwe wanaota tu. Yapo mambo ambayo kumbukumbu zao ziko sahihi kuliko macho ya leo.

Michezo ya kale ilichorwa kwa ajili ya runinga nene zenye kisogo. Vioo vyake vililainisha kingo za picha na kuzichanganya rangi, nao wachoraji waliutumia ukungu huo kwa makusudi. Picha hiyo hiyo ikiwekwa kwenye runinga bapa ya kisasa, pikseli hutokeza kama matofali. Anayesema "haikuwa mbaya hivi" hatetei utoto wake. Anasema lililo kweli.

Kadhalika kuna suala la kasi. Runinga za Japani na Marekani zilionyesha picha kwa mapigo 60 kwa sekunde. Zile za mfumo wa PAL, uliotumiwa sehemu kubwa ya Ulaya na pia Kenya, zilionyesha 50. Michezo mingi ililetwa katika mfumo huo bila marekebisho ya kutosha, ikaenda polepole kwa takriban asilimia 17.

Kampuni ya Sony ilipotoa kimashine chake cha kumbukumbu, PlayStation Classic, Desemba 2018, michezo tisa kati ya 20 ilikuwa ya matoleo hayo ya polepole. Wanunuzi waliligundua hilo na kunung'unika. Katika majuma machache bei ilishushwa kutoka dola 100 hivi hadi 60. Mashabiki hawakuwa tayari kununua chochote kilichobandikwa jina la zamani.

MCHEZO ULIPORUDI

Pengine jaribio kubwa zaidi la swali letu lilifanywa na mchezo wa mtandaoni wa World of Warcraft, uliozinduliwa mnamo Novemba 2004 na kampuni ya Blizzard ya Marekani. Ulibadilishwa mwaka baada ya mwaka hadi wachezaji wa awali wakaanza kudai urejeshwe ulivyokuwa.

Mnamo 2013, msimamizi wake J. Allen Brack alimjibu shabiki mmoja hadharani kwamba watu hudhani wanautaka, ilhali hawautaki. Mashabiki hawakunyamaza. Aprili 2016, seva isiyo rasmi ya Nostalrius iliyoendesha toleo la kale ilipofungwa kwa shinikizo la kisheria, zaidi ya watu 200,000 walitia sahihi ombi la kuitetea. Kampuni ikasalimu amri, na Agosti 2019 toleo la kale likarejea rasmi.

Watu walimiminika kwa wingi, foleni za kuingia zikawa ndefu. Kwa hilo, mashabiki walishinda hoja.

Lakini likatokea jambo jingine. Jitu la moto liitwalo Ragnaros, ambalo mwanzoni liliwachukua wachezaji miezi kadhaa kulishinda, mara hii liliangushwa kabla ya juma moja kumalizika. Kila njia ilikuwa imeshachorwa, kila silaha imeshapimwa, kila siri imeshaandikwa mtandaoni.

Mchezo ulirudi ulivyokuwa. Kutojua kwetu hakukurudi, na huko kutojua ndiko kulikokuwa sehemu kubwa ya uhondo.

Waundaji wa Shovel Knight, mchezo wa mwaka 2014, walilielewa jambo hili. Waliuunda kwa sura ya michezo ya miaka ya themanini, lakini wakauongezea rangi ambazo mashine za wakati huo hazikuwa nazo na kuondoa kule kumemeta kwa picha kulikokuwa kero. Hawakuinakili zamani jinsi ilivyokuwa. Waliunda zamani jinsi tunavyoikumbuka, nao wakasifiwa.

HASARA YA KUPENDA BILA KUPIMA

Je, kuna ubaya gani mtu kujifurahisha na kumbukumbu zake? Hakuna, hadi pale kumbukumbu inapogeuka kuwa hakimu wa kuamua kitakachohifadhiwa.

Mnamo Julai 2023, shirika la Video Game History Foundation la Marekani, likishirikiana na Software Preservation Network, lilitoa ripoti kuhusu michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya 2010. Asilimia 87 haikuwa ikipatikana tena sokoni kwa njia halali. Kampuni hurejesha kinachotamaniwa na wengi, kwa hiyo majina yale yale huuzwa tena na tena. Mchezo usio na kundi la watu wazima wa kuulilia unaachwa upotee, hata kama ulikuwa bora.

Hasara ya pili iko majumbani mwetu. Mzazi anapomwambia kijana kwamba gemu za siku hizi ni upuuzi, kijana haambiwi habari za gemu. Anaambiwa kwamba ujana wake una thamani ndogo kuliko wa mzazi. Miaka thelathini ijayo, naye atamwambia mwanawe maneno hayo hayo kuhusu michezo tunayoibeza leo.

MIZANI YA HAKI

Anayetaka kuuhukumu mchezo wa kale kwa haki anaweza kujiuliza maswali manne. Je, mtu asiyeujua angeufurahia leo bila kusimuliwa hadithi zangu? Je, ninaulinganisha na mchezo bora wa leo au na mbovu? Je, ninauona katika hali uliyokusudiwa, au kioo na kasi vimeuharibu? Na je, nilipoupenda, nilikuwa na nani?

Swali la mwisho ndilo zito. Mapema miaka ya tisini, mimi na mdogo wangu tuliucheza mchezo wa Contra kwa jirani, yeye akishika pedi ya kulia daima, kwani aliamini ile ya kushoto ilikuwa na mkosi. Yeye sasa ni marehemu. Mwaka jana nilipata mchezo huo katika kipakatalishi, nikauchezea sebuleni usiku mmoja, nikiwa na maisha yangu 30.

Niliumaliza haraka kuliko nilivyotarajia. Ni mchezo uliotengenezwa vizuri: vidole vyaamuru na askari atii papo hapo, na kila kifo ni kosa la mchezaji. Sifa hizo ni zake, na yeyote anaweza kuzithibitisha.

Ila nilikuwa nimewasimulia wanangu kwamba ni mchezo mrefu mno, wa kuchosha alasiri nzima. Si mrefu. Alasiri ndizo zilizokuwa ndefu, na tulikuwa wawili.